Taa ya betri ikiwaka, usikimbilie kununua betri mpya

*Huenda betri haina kosa lolote, ila kile kifaa kidogo kinachoipima joto ndicho kinachosema uongo*

NA MWANDISHI WETU

HUENDA wewe ni mmoja wa Wakenya wengi ambao siku hizi wanaendesha magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yale yanayoitwa haibridi. Ulisikia kwamba Toyota Aqua au Prius hunywa mafuta kidogo mno, ukajinyima, ukaweka akiba, ukaagiza lako kutoka Japani. Mambo yakawa mazuri. Petroli ya wiki moja ikatosha wiki mbili.

Halafu siku moja, ukiwa umekwama katika msongamano wa magari kwenye barabara ya Mombasa, taa nyekundu yenye umbo la pembetatu inawaka mbele yako. Feni iliyo kando ya kiti cha nyuma inaanza kuvuma kwa sauti ambayo hujapata kuisikia. Gari linakuwa zito. Watoto wanauliza, "Baba, ni nini hiyo inalia?" nawe huna jibu.

Unalifikisha kwa fundi. Anachomeka mashine yake chini ya usukani, anatazama kioo kwa muda, kisha anatikisa kichwa. "Mzee, betri imekwisha. Tafuta ingine."

Si ile betri ndogo ya kuwashia gari anayosema. Ni ile kubwa iliyo chini au nyuma ya kiti cha abiria, ambayo bei yake hupita shilingi laki moja kwa urahisi. Kwa familia nyingi hizo ni karo za watoto, au ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Makala haya yanakusihi ufanye jambo moja tu kabla ya kutia mkono mfukoni. Muulize fundi wako: je, betri ina joto kweli, au ni sensa inayosema uongo? Kuna njia za kupata jibu, na ile iliyo bora kuliko zote haigharimu chochote ila usiku mmoja wa subira.

Sensa ni kitu gani?

Hatuzungumzii ile sensa ya kuhesabu watu. Mafundi wa magari huita sensa kifaa chochote kinachopima jambo fulani na kuiarifu kompyuta ya gari. Ipo inayopima mwendo wa magurudumu, ipo inayopima hewa inayoingia kwenye injini, na zipo zinazopima joto la betri. Hizi za mwisho ndizo tunazozijadili leo.

Ndani ya sensa ya joto mna kipande kidogo, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachoitwa thamista. Kazi yake ni rahisi kueleweka. Kikiwa baridi, hukaidi kupitisha umeme. Kikipata joto, ukaidi wake hupungua na umeme hupita kwa wepi zaidi. Wanafunzi wa fizikia huuita ukaidi huo ukinzani, na huupima kwa kipimo cha omu. Thamista ya aina inayotumiwa sana huwa na omu 10,000 hivi hewa ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Ikitiwa kwenye barafu, ukinzani hupanda hadi kupita omu 30,000. Ikifikia nyuzi 50, hushuka hadi omu 3,600 hivi.

Kompyuta ya betri hupeleka umeme mdogo kwenye thamista, hutazama ni kiasi gani kinachorudi, kisha hujiambia: "Ahaa, betri ina nyuzi 31." Kompyuta haina macho wala mikono. Haiwezi kuigusa betri ithibitishe. Huamini anachoambiwa na waya.

Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003, betri ina vipande 28 vilivyopangwa kama mikate ya boflo kwenye kasha, na jumla ya umeme wake ni volti 201.6. Sensa tatu zimebanwa kwenye vipande hivyo sehemu mbalimbali, na ya nne hupima hewa inayoingia kuipoza betri. Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ina betri ndogo zaidi ya vipande 20 na volti 144, lakini mtindo wa kuipima joto ni ule ule.

Kwa nini betri ipimwe joto?

Betri hupenda hali ile ile anayoipenda binadamu: si baridi kali, si joto kali. Unapokanyaga mafuta kupanda mlima, betri hutoa umeme kwa nguvu na hupata joto. Unapoteremka na kukanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kuusukuma umeme ndani ya betri, nayo hupata joto tena. Mtu anayeshuka mteremko wa Mai Mahiu kuelekea Naivasha anaijaza betri yake bila kutumia tone la petroli, lakini pia anaipasha moto.

Joto likizidi kwa muda mrefu, kemikali za ndani huchakaa upesi, na betri iliyokusudiwa kudumu miaka kumi inaweza kufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kompyuta ikisikia kwamba joto limepanda, huongeza kasi ya feni. Likizidi kupanda, hupunguza umeme unaoingia na kutoka. Injini ya petroli huachiwa mzigo wote, na ndipo dereva anapohisi gari ni zito na mafuta yanakwisha upesi.

Utaona basi kwamba kompyuta huchukua hatua hizo hizo, iwe betri ina joto kweli au sensa imeharibika. Dalili ulizoziona barabarani haziwezi peke yake kukuambia ni lipi kati ya mawili hayo.

Nambari zina maana

Fundi anapochomeka mashine, gari humpa nambari za hitilafu. Mwombe akuandikie nambari hizo kwenye karatasi kabla hajazifuta. Usikubali kuambiwa tu "ni betri".

Katika orodha inayotumiwa na watengenezaji wengi wa magari, nambari P0A80 ndiyo inayosema kwamba betri yenyewe imechoka na yapasa kubadilishwa. Lakini P0A9C, P0A9D na P0A9E zinahusu sensa ya kwanza ya joto la betri pamoja na waya zake. P0A9C humaanisha kwamba kipimo chake hakiaminiki. P0A9D humaanisha volti inayosomwa ni ndogo mno, jambo ambalo kompyuta hulitafsiri kuwa joto kali. P0A9E ni kinyume chake: volti inayosomwa ni kubwa mno, na kompyuta hudhani kuna baridi ya ajabu. P0AC6, P0AC7 na P0AC8 husema hayo hayo kuhusu sensa ya pili. Nayo P0A82 humulika feni ya kupoza betri. Baadhi ya magari yana nambari zake ya binafsi, lakini fundi mwenye mashine nzuri hupata maelezo yake.

Je, kwa nini basi fundi mwaminifu aone nambari ya sensa na bado akwambie ununue betri nzima? Sababu moja ni kwamba vitabu vya ukarabati vya baadhi ya modeli za Toyota husema hivyo hivyo: sensa haiuzwi peke yake kiwandani, kwa hiyo betri yote ibadilishwe. Huko Japani au Marekani, ambako gari lingali na dhamana, ushauri huo haumwumizi mwenye gari. Hapa kwetu, gari likiwa limefika na miaka saba au minane mgongoni, ushauri huo ni mzigo. Sensa yaweza kutolewa kwenye betri nyingine iliyokufa ya gari la aina ile ile, maana betri hufa na sensa zake zikabaki nzima. Na mara nyingine hata sensa haijaharibika, ila ni waya tu.

Jaribio la asubuhi

Sasa tufike kwenye lile jaribio la bure. Liegeshe gari jioni mahali penye kivuli na uliache lilale usiku kucha, saa nane au zaidi. Asubuhi, kabla jua halijachoma na kabla injini haijawaka, chomeka skana na uwashe umeme wa gari pasipo kuliweka tayari kuondoka. Kwenye magari mengi ya aina hii hilo hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki. Kisha soma joto la kila sensa ya betri, na joto la hewa ya nje.

Watoto waliolala chumba kimoja usiku mzima huamka na joto moja. Ndivyo na sensa. Betri iliyopumzika usiku kucha imekwisha kupoa, na vipande vyake vyote vinapaswa kukaribiana na hewa ya mahali pale. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi huenda ukaona nyuzi 13 au 15. Mombasa huenda ukaona 25. Tofauti ya nyuzi mbili tatu si neno.

Tuseme sensa zinasoma 17, 18 na 17. Hizo zimekubaliana, na angalau zikiwa baridi hazidanganyi.

Tuseme zinasoma 17, 17 na 41. Kipande kimoja cha betri hakiwezi kuwa na homa ya nyuzi 41 baada ya kulala usiku kucha kando ya ndugu zake wenye nyuzi 17. Mshukiwe wa kwanza awe sensa ya tatu, plagi yake au waya wake.

Tuseme zinasoma 17, 17 na nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni ya Siberia. Haijapata kuonekana Nairobi, wala Limuru, wala Nyahururu. Ni dalili kwamba waya umekatika au plagi imechomoka, umeme haurudi kabisa, na kompyuta inasoma mwisho wa kipimo chake. Kinyume chake, usomaji wa nyuzi 90 na zaidi kwenye gari lililolala ni dalili kwamba waya mbili zinagusana au sensa imejifunga ndani.

Na je, zote zikiwa na wazimu kwa pamoja? Ni nadra sensa tatu kufa siku moja. Hapo tafuta kinachozihusu zote: plagi kubwa inayoingia kwenye kompyuta ya betri, au kompyuta yenyewe. Magari yaliyonyeshewa ndani, yaliyopita kwenye mafuriko, au yaliyokaa sana pwani kwenye hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye vichwa vya plagi. Kutu hiyo huongeza ukinzani, na thamista nzuri huonekana mbaya bila hatia yoyote.

Twende barabarani

Asubuhi ikipita salama, jaribio la pili ni la mwendo. Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae na skana kando yake. Tafadhali, dereva asiwe ndiye anayesoma.

Kumbuka jambo moja kuhusu betri kubwa: ina uzito wa makumi ya kilo. Kitu kizito hakipati joto ghafla. Ni kama sufuria kubwa ya githeri. Ukiikoleza moto hupanda polepole, na ukiuzima hupoa polepole. Kwa hiyo joto la kweli hupanda nyuzi moja baada ya nyingine, kwa dakika nyingi. Ukiona kipimo kimeruka kutoka 30 hadi 70 kwa sekunde moja, kisha kikarudi 30, hakuna betri iliyofanya hivyo. Na kama huruka gari linapopita kwenye mashimo au matuta, basi pana waya uliolegea.

Jihadhari lakini. Betri ikifanya kazi, vipande vya katikati huwa na joto kidogo kuliko vya pembeni, kwa kuwa vimezungukwa na wenzao na havipati hewa vizuri. Tofauti ya nyuzi chache baada ya safari ni ya kawaida. Usimshtaki asiye na kosa.

Ikiwa sensa zote zilikubaliana asubuhi, na baadaye moja ikapanda polepole na kuziacha nyingine mbali sana, hapo sensa inasema ukweli. Huenda vipande vilivyo karibu nayo vimedhoofika, au hewa ya kupoza haifiki. Mwambie fundi atazame volti za kila jozi ya vipande wakati gari linapanda mlima. Jozi iliyochoka volti zake huporomoka kuliko za wenzake. Katika hali hiyo fundi aliyesema betri ina ugonjwa alikuwa sahihi, na sasa anaweza kukuonyesha ushahidi. Hata hapo yawezekana vipande vibovu ni viwili tu kati ya 28.

Angalia mdomo wa feni

Kabla ya kufungua chochote, tazama kando au chini ya kiti cha nyuma. Utaona kitundu chenye vyuma au plastiki kama wavu. Hapo ndipo hewa ya kupoza betri huingilia. Hewa hiyo ni ile ile mnayoivuta ninyi ndani ya gari.

Je, umewahi kuweka mfuko wa ununuzi ukaziba hapo? Mtoto ameangusha vibanzi? Umebeba mbwa anayepukutisha manyoya? Unaishi mahali penye vumbi jekundu na unapenda kufungua madirisha? Vyote hivyo huishia kwenye feni. Feni iliyojaa vumbi huvuma sana na kupeleka hewa kidogo, na betri hupata joto la kweli ambalo sensa huliripoti kwa uaminifu. Modeli nyingi zina kichujio kinachotolewa na kusafishwa kwa dakika chache. Feni yenyewe fundi anaweza kuifungua na kuipangusa. Familia nyingi zilizo na gari la haibridi hazijui hata kwamba kitundu hicho kipo.

Nyaya za rangi ya machungwa

Majaribio yote tuliyotaja mpaka sasa hufanywa bila kufungua betri. Ikibidi ifunguliwe, basi msomaji, kaa kando. Hiyo si kazi ya Jumamosi ya baba na mwanawe uani.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na kila mtu anajua unavyoua. Betri ya Prius ina volti 201.6 za umeme wa moja kwa moja, na ndani ya inveta huzidishwa hadi kufikia volti 500 katika kizazi cha pili na 650 katika kizazi cha tatu. Ndiyo maana nyaya zake zimepakwa rangi ya machungwa: ni onyo.

Fundi anayeijua kazi hufanya haya. Huzima gari na kuiweka funguo mbali. Huondoa nyaya za betri ndogo ya volti 12. Huvaa glavu za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya umeme, zinazohimili volti 1,000, si zile za kuoshea vyombo. Huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili mwingine asiirudishe. Kisha husubiri dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe, na hupima kwa mita kuhakikisha. Hata baada ya hapo anajua kwamba vipande vya betri vyenyewe havizimiki. Plagi ya usalama huikata betri katikati tu, na kila upande bado una umeme wake.

Ukimwona fundi anaingiza bisibisi kwenye betri mikono mitupu, huku saa ya chuma ikimetameta kwenye kiwiko cha mkono wake, chukua gari lako uondoke.

Betri ikiwa wazi, kazi ya kutafuta sensa mbovu ni rahisi. Fundi huzichomoa na kuzipima ukinzani moja baada ya nyingine. Zikiwa mahali pamoja na zina joto moja, omu zake zinapaswa kukaribiana. Iliyo tofauti sana na wenzake ndiyo mbovu. Kama zote zinalingana, huzibadilishana mahali: ya kwanza kwenye plagi ya tatu, ya tatu kwenye plagi ya kwanza. Hitilafu ikihama na sensa, kosa ni la sensa. Ikibaki pale pale, kosa ni la waya au kompyuta. Ni mantiki ile ile ya kubadilisha balbu chumbani ili ujue kama imeungua balbu au ni swichi.

Ujanja unaoua betri

Upo ujanja mmoja ambao lazima tuutaje. Badala ya kutafuta chanzo, mtu hukata waya wa sensa na kuunganisha mahali pake kipande cha ukinzani usiobadilika. Kuanzia hapo kompyuta huambiwa kwamba betri ina nyuzi 25 mchana na usiku, mlimani na mtelemkoni. Taa huzima. Mwenye gari hushangilia na kulipa.

Lakini feni nayo hulala usingizi. Betri ikipata joto la kweli hakuna anayejua, hakuna anayeipoza, na hakuna anayepunguza umeme. Baada ya miezi, betri iliyokuwa nzima inakufa kwelikweli, na mwenye gari anarudi kulipa lile deni aliloliepuka. Dawa ya kuuziba mdomo wa anayekuonya haiponyi ugonjwa.

Ujanja wa pili ni wa sokoni. Muuzaji wa gari la mtumba hufuta nambari za hitilafu asubuhi ya siku unayokuja kulitazama. Taa haiwaki, unalinunua, na baada ya siku tatu inawaka. Kinga ni kuja na fundi mwenye skana. Kompyuta ya gari huonyesha kama majaribio yake ya ndani hayajakamilika, na hiyo ni dalili kwamba kumbukumbu imefutwa hivi karibuni. Omba pia kulitazama gari asubuhi likiwa halijawashwa, ufanye lile jaribio la usiku. Muuzaji asiye na la kuficha hatakataa.

Na magari ya umeme mtupu?

Mambo hayatofautiani sana. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010, lina betri ya lithiamu isiyo na feni wala maji ya kuipoza. Hutegemea hewa inayopita chini ya gari. Mwaka 2018 madereva huko Ulaya waliokuwa na Leaf la betri ya kilowati-saa 40 walilalamika kwamba katika safari ndefu, baada ya kuchaji upesi mara moja, chaji ya pili na ya tatu ilikuwa ya polepole mno. Sensa hazikuwa na kosa. Betri ilikuwa moto, na kompyuta ilikuwa ikiilinda.

Magari mengine ya umeme hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya betri, kama rejeta inavyopoza injini. Humo kuna sensa nyingi zaidi, na pia pampu na vali zinazoweza kuleta hitilafu. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za umeme zinazidi kuonekana kwa wanabodaboda. Betri za lithiamu zinazotumiwa humo hulindwa na kompyuta inayotegemea vipimo vya joto. Swali ni lile lile: joto ni la kweli, au ni waya unaosema uongo? Na jibu huanzia pale pale: gari lilale, asubuhi visomwe vipimo vyote, na vilinganishwe na hewa.

Kwa wanafunzi

Wewe mwanafunzi wa fizikia au wa chuo cha ufundi, usiyasome haya na kuyaacha gazetini. Tembelea maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Luthuli na uulize thamista ya omu 10,000. Ni kitu cha bei ndogo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uunganishe na mita ya kupima omu, kisha uitumbukize kwenye maji ya barafu, maji ya mfereji na maji ya uvuguvugu, huku kipimajoto kikiwa kando. Andika omu kwa kila joto na uchore grafu. Utaona si mstari ulionyooka bali mpindo unaoporomoka upesi kwanza, halafu polepole.

Kisha ongeza ukinzani mdogo kwenye waya, uwe mfano wa kutu ya kijani, uone jinsi kipimo chako kinavyodai kwamba maji yamepoa ilhali hayajapoa. Utakuwa umejifunza bila hatari yoyote jambo ambalo watu wengi hulijua baada ya kulipa laki.

Maswali ya kwenda nayo gereji

Kata sehemu hii uiweke ndani ya gari. Taa ikiwaka, muulize fundi:

- Ni nambari gani za hitilafu umezipata, na umeziandika kabla ya kuzifuta?
- Sensa zote za betri zinasoma nyuzi ngapi asubuhi gari likiwa baridi, na hewa ina nyuzi ngapi?
- Gari likienda, joto hupanda polepole au huruka?
- Umeitazama feni na kitundu chake?
- Umekagua plagi na waya kama zina kutu au zimelegea?
- Volti za kila jozi ya vipande ni ngapi gari likiwa na mzigo?

Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza. Atafurahi kwamba mteja anaelewa, na atakuonyesha kwenye kioo cha skana yake. Yule atakayekwambia, "Hayo mambo niachie mimi, wewe lete pesa," mshukuru kwa heshima, umlipe ada yake ya kupima, na upeleke gari kwingine. Betri ikiwa imekufa kweli leo, itakuwa imekufa hata kesho asubuhi baada ya jaribio.